Jinsi ya Kuwaonyesha Wapigapicha Wenzako Jalada la Picha za Jangwa la Chalbi

Mpigapicha anayetoka Jangwa la Chalbi hurudi na picha nyingi mno, na nyingi kati ya hizo, zikitazamwa moja moja, hazina kasoro ya kutaja. Ugumu hujitokeza pale zinapokusanywa katika jalada moja na kuwekwa mbele ya watu wanaoijua kazi hiyo, kwa kuwa uwanda ule ule mweupe, upeo ule ule ulionyooka na mwanga ule ule wa asubuhi hujirudia hadi mtazamaji akachoka kabla ya kufika katikati. Mwenye hoteli anayetafuta picha za kupamba ukumbi anaweza kuridhika na tatu za kupendeza, lakini mpigapicha mwenzako hatazami hivyo. Yeye hufuatilia ulivyofikiri, hujiuliza umeacha nini nje ya fremu, na huitambua mara moja picha uliyoiingiza kwa sababu tu ilikutoa jasho kuipata. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuliandaa na kulitoa jalada la mandhari ya Chalbi ili watu wa namna hiyo waweze kulisoma na kukupa maoni ya kufanyia kazi. Mengi yaliyomo yanafaa pia kwa majangwa mengine, ila kila jangwa lina sura yake, na nitabaki na hili ninalolifahamu.

Chalbi iko katika Kaunti ya Marsabit, kaskazini mwa Kenya, mashariki ya Ziwa Turkana. Sehemu kubwa yake ni sakafu ya ziwa la kale lililokauka, yaani udongo wa mfinyanzi uliofunikwa na chumvi, na mvua kubwa zikinyesha uwanda huo hujaa maji kidogo kisha ukawa tope lisilopitika. Pembezoni kuna Kalacha yenye chemchemi na mikoma, kuna Maikona, kuna North Horr na michanga yake, na kuna maeneo mapana ya mawe meusi ya volkano. Milima ya Huri huonekana upande wa kaskazini na Mlima Kulal upande wa ziwani. Wagabra, wafugaji wa ngamia, mbuzi na kondoo, ndio wenyeji wakuu wa eneo hilo. Nayataja haya mapema kwa sababu watu wengi wanaposikia neno jangwa hutarajia matuta ya mchanga wa rangi ya dhahabu. Mpigapicha mzungumzaji wa Kiswahili aliyeko Muscat, ambaye jangwa lake la jirani ni mchanga wa Sharqiya wenye matuta marefu yaliyojipanga sambamba, atalifungua jalada lako akiwa na picha hiyo akilini, na usipomwonyesha mapema kwamba hapa mambo ni tofauti, ataendelea kuyatafuta matuta hadi mwisho.

Anza na swali

Kabla ya kuchagua hata picha moja, andika sentensi moja inayosema unataka kujua nini kutoka kwa wale utakaowaonyesha. Ukiwauliza tu "Mnaonaje?" utajibiwa "Safi sana" na dole gumba, na hutaweza kuwalaumu, kwa sababu hukuwaomba kitu kingine. Maswali yanayozaa majibu ni yale yanayohusu uamuzi ambao wewe mwenyewe hujaufikia. Je, ukubwa wa uwanda wa chumvi unahisika, au picha zinaonekana kama ukuta uliopakwa chokaa? Je, picha za saa sita mchana zinaweza kukaa pamoja na za alfajiri bila kuonekana ni kazi za watu wawili? Je, picha mbili zenye misafara ya ngamia zinaisaidia kazi ya mandhari, au zinaivuta ikawa kazi kuhusu maisha ya wafugaji? Swali la aina hii litakuongoza pia katika uchaguzi, kwa kuwa picha isiyogusa swali lako haina sababu ya kuwamo katika jalada hili, hata kama ni nzuri kiasi gani.

Chagua na watazamaji wenyewe. Watu watatu hadi sita wanatosha. Mmoja awe amewahi kufika Chalbi au Turkana, kwa sababu yeye ndiye atakayekuambia kama rangi zako ni za kweli. Mwingine awe hajawahi kuliona jangwa kabisa. Na ikiwezekana mmoja awe na mazoea ya kuchapa picha kwenye karatasi, maana jicho la mchapaji huona kasoro za weupe na weusi ambazo skrini huzificha. Kundi kubwa la mtandaoni lenye mamia ya watu lina faida zake, lakini halifai kwa hatua hii.

Kuchagua picha

Mzunguko wa kwanza wa kuchagua ni wa kiufundi na haupaswi kuchukua muda mrefu. Ondoa zilizotikiswa na upepo, na Chalbi ina upepo wa kutikisa hata stendi nzito ya miguu mitatu. Ondoa pia zile za lenzi ndefu zilizopigwa mchana ambazo joto la ardhini limezifanya ziteteme, isipokuwa kama mtetemo huo ndio uliokuwa ukiupiga.

Mzunguko wa pili ndio mgumu. Peleka picha sitini au sabini zilizobaki kwenye studio ya picha, zichapwe kwa ukubwa wa sentimita 10 kwa 15, kisha zitandaze zote chini na uzitazame ukiwa umesimama. Gharama yake ni ndogo ukilinganisha na ya safari yenyewe, na utaona kwa mtazamo mmoja jambo ambalo kompyuta isingekuonyesha kwa wiki nzima: picha nyingi ni picha ile ile. Sababu yake ni ya kijiografia. Chalbi iko takriban nyuzi tatu tu kaskazini ya ikweta, na huko jua huchomoza karibu wima. Dunia hujizungusha nyuzi 15 kila saa, kwa hiyo saa moja baada ya macheo jua limekwisha kupanda karibu nyuzi hizo zote, na ifikapo saa tatu na nusu asubuhi kivuli cha jiwe kimekaribia kulingana na urefu wa jiwe lenyewe. Mwanga wa upande, ule unaozichonga nyufa za udongo na mawimbi ya mchanga, hudumu kwa muda mfupi kuliko katika nchi za mbali na ikweta, na ndiyo maana kila mpigapicha huukimbilia na kurudi na picha zenye kivuli kile kile na joto lile lile la rangi.

Dawa yake ni kuzipa nafasi picha ambazo kwa mazoea ungeziacha. Mazigazi ya mchana, yanapoinyanyua Milima ya Huri ikaonekana inaelea juu ya maji yasiyokuwapo, ni sehemu ya Chalbi kama yalivyo macheo. Chamchela inayosimama peke yake katikati ya uwanda humpa mtazamaji kipimo cha umbali ambacho ardhi tupu haiwezi kumpa. Anga lililofunikwa na mawingu mazito kabla ya mvua hufanya chumvi iwe na rangi ya risasi. Usiku usio na mbalamwezi una kilimia na Njia ya Maziwa, kwa kuwa huko taa za umeme ni chache. Kama ulibahatika kufika mara baada ya mvua na ukaukuta uwanda umejaa maji, hizo ni picha ambazo wenzako wengi hawana, na mbili au tatu kati yake zistahimiliwe hata kama kiufundi ni dhaifu kidogo.

Halafu zilinganishe mbili mbili. Weka picha mbili zinazofanana kando kwa kando na ujiulize ya pili inaongeza kitu gani ambacho ya kwanza haina. Kama jibu ni "mawingu ni mazuri zaidi", bakiza ile yenye mawingu mazuri na uiondoe nyenzake. Hakikisha pia kwamba jalada lina umbali wa namna tatu: mbali kabisa, ambako upeo unatawala, wastani, kama mstari wa mikoma ya Kalacha au ukingo ambapo mawe meusi yanakutana na chumvi, na karibu, ambako nyufa, chembe za chumvi na nyayo za ngamia zinaijaza fremu nzima. Picha za karibu ndizo zinazosahaulika zaidi, na ndizo zinazompa mtazamaji pumzi baada ya upana mwingi. Mimi hushauri picha kumi na tano. Kumi na mbili zinatosha, ishirini ni nyingi, na ukifika thelathini umewakabidhi wenzako kazi ya kuchagua ambayo ilikuwa yako.

Kuhusu watu na wanyama katika picha za mandhari, maoni hutofautiana sana. Wapo wanaoamini kwamba mandhari safi haipaswi kuwa na kiumbe. Siafikiani nao, angalau kwa jangwa lisilo na miti wala majengo, ambamo jicho halina kitu cha kupimia ukubwa. Wilfred Thesiger, msafiri na mpigapicha Mwingereza aliyelivuka jangwa la Rub' al Khali la kusini mwa Bara Arabu mara mbili kati ya 1946 na 1948 na baadaye akaishi miaka mingi Maralal, kusini-magharibi ya Chalbi, alipiga kwa Leica na filamu nyeusi na nyeupe, na katika picha zake za mchangani msafara wa ngamia mara nyingi ndio unaoonyesha ukubwa wa tuta. Jambo la kuepuka ni kumweka mtu mdogo peke yake katikati ya weupe katika kila picha, kwa kuwa mbinu hiyo ikitumika zaidi ya mara moja huonekana kuwa mbinu tu.

Mfuatano

Mfuatano unaowajia wengi kwanza ni wa siku moja, kuanzia macheo hadi machweo. Ni mfuatano halali, ila umetumika mno, na kila mpigapicha ataukisia akiwa kwenye picha ya pili. Njia nyingine ni kufuata barabara, yaani kutoka Mlima Marsabit kushuka hadi Maikona, kuvuka kwenda Kalacha, kisha North Horr na kuelekea ziwani. Hiyo inafaa kama mabadiliko ya ardhi ndiyo unayotaka yajadiliwe. Njia ninayoipendelea ni ya kufuata kitu chenyewe kinachokanyagwa: chumvi, kisha udongo uliopasuka, kisha mchanga, kisha mawe ya volkano, hivi kwamba jalada linaanza katika weupe na kuishia katika weusi bila kujali saa wala siku. Mtazamaji wa Muscat niliyemtaja hapo juu ataelewa ndani ya picha tatu kwamba hili si jangwa la mchanga.

Kuna jambo dogo la kukagua ambalo wengi hulipuuza, nalo ni urefu wa upeo katika fremu. Katika ardhi bapa kama hii upeo ni mstari mmoja ulionyooka, na mtazamaji anapopitisha picha haraka kwenye skrini mstari huo huruka juu na chini kwa namna inayoudhi. Amua moja kati ya mawili: ama uulinganishe upeo katika picha zote za mbali, ubaki theluthi moja kutoka juu kwa mfano, ili mabadiliko yote yaonekane chini yake, au uutenganishe kwa picha za karibu zisizo na upeo kabisa. Hakikisha pia umenyooka kweli, kwa sababu mteremko wa nusu nyuzi ambao usingeonekana kwenye picha ya mlima huonekana waziwazi hapa.

Weupe, rangi na anga

Hapa ndipo majalada mengi ya jangwa yanapoharibika, na mara nyingi huharibika baada ya kazi nzuri kufanyika uwanjani. Picha ya jangwa hubebwa na tofauti ndogo sana za weupe na kivuli, na tofauti hizo ndizo za kwanza kupotea picha inapobanwa, inapotazamwa kwenye skrini mbaya au inapoongezwa rangi kupita kiasi.

Anza na chumvi. Kipima mwanga cha kamera huichukulia kila mandhari kuwa ya kijivu cha wastani, kwa hiyo kikiachwa peke yake huifanya chumvi kuwa ya kijivu, na mpigapicha akijaribu kurekebisha kwenye kompyuta huivusha hadi ikawa weupe usio na chochote ndani yake. Katika kipimo cha 0 hadi 255, lenga sehemu angavu za chumvi zikae kati ya 235 na 245, na uache 255 kwa mng'ao wa jua juu ya chumvi iliyolowa tu. Zima kwa muda rangi zote na uitazame picha katika nyeusi na nyeupe. Kama nyufa na mikunjo ya chumvi haionekani tena, basi ulichokuwa unakiona kilikuwa rangi tu, na umbo lilikuwa limekwisha kupotea.

Kuhusu rangi, lingana na mahali. Chalbi ni nyeupe, kijivu, hudhurungi na nyeusi, na kwa dakika chache asubuhi na jioni ina wekundu. Kuisukuma ifanane na matuta ya rangi ya chungwa ya kwenye kalenda ni kuwajibu watazamaji wanachotarajia badala ya kuwaonyesha ulichokiona, na yule mwenzako aliyewahi kufika hatakuamini tena hata katika picha ulizoziacha zilivyo. Vivuli vya jangwani huwa na ubuluu kwa sababu vinaangazwa na anga peke yake, usiufute wote. Lililo muhimu zaidi ni ulinganifu: picha zilizopigwa wakati mmoja mahali pamoja ziwe na mpangilio mmoja wa uwiano wa weupe (white balance), la sivyo jalada litaonekana kana kwamba chumvi inabadilika rangi kila ukurasa.

Fanya marekebisho yote kwenye faili ghafi (RAW) na katika biti 16, na ushuke hadi biti 8 mwishoni kabisa wakati wa kutoa JPEG. Biti 8 zina ngazi 256 tu kwa kila rangi, na anga tupu la Chalbi, linalobadilika polepole kutoka buluu nzito hadi buluu hafifu, likisukumwa katika ngazi chache hivyo hugawanyika ikawa mistari. Kisha kuza picha hadi asilimia mia moja na upitie anga lote kipande kwa kipande ukitafuta madoa ya vumbi lililokaa kwenye sensa, yaani kipokea mwanga cha kamera. Katika jangwa hili vumbi huingia kila unapobadilisha lenzi, na tundu la lenzi likibanwa hadi f/16 kila chembe huwa doa. Hakuna kitu kinachomvunja moyo mtazamaji mjuzi kuliko doa lile lile likionekana mahali pale pale katika picha tano mfululizo.

Skrini unayofanyia kazi ipimwe kwa kifaa cha kupimia rangi kama unaweza kukipata kwa kuazima, kisha iwekwe kwenye joto la rangi la Kelvini 6,500 na mwangaza wa kandela 100 hadi 120 kwa mita ya mraba. Skrini inayong'aa kupita hapo itakufanya utoe picha za giza. Waombe na watazamaji wako wazime ile hali ya usiku inayoipa skrini umanjano na ile inayokoleza rangi, ambazo simu nyingi huwa nazo. Ombi hilo linaweza kuonekana la kusumbua, lakini bila hilo nusu ya maoni utakayopata kuhusu rangi yatakuwa maoni kuhusu simu zao.

Kutoa na kutuma faili

Toa picha katika wigo wa rangi wa sRGB, upande mrefu uwe kati ya pikseli 2,048 na 2,560, na ubora wa JPEG uwe 85 hadi 90. Punguza ukali wa mwisho, kwa sababu chembe za chumvi na changarawe zikinolewa sana hugeuka kuwa nukta zinazowasha macho. Zipe faili majina yenye tarakimu mbili, chalbi_01, chalbi_02 na kuendelea, kwa maana ukiandika 1, 2, 10, vifaa vingine vitaipanga ya kumi mara tu baada ya ya kwanza na mfuatano wako wote utavurugika.

Wengi wetu hutumiana kazi kwa WhatsApp, na hakuna ubaya, mradi picha zitumwe kama hati. Zikitumwa kwa njia ya kawaida ya picha, programu huzibana, na anga ndilo linaloumia kwanza. Mimi hupendelea faili moja ya PDF yenye picha moja kwa kila ukurasa, kwa sababu hulinda mfuatano na humzuia mtazamaji kuruka ovyo. Pamoja nayo weka kiungo cha folda yenye JPEG moja moja kwa yule anayetaka kukuza na kukagua. Rangi ya ukurasa iwe kijivu cha wastani. Ukurasa mweupe huifanya chumvi ionekane chafu, na ukurasa mweusi huifanya ionekane nyeupe kuliko ilivyo.

Kama mnaweza kukutana ana kwa ana, chapa. Picha ya A3 kwa nukta 300 kwa inchi inahitaji pikseli 4,961 kwa 3,508, na kamera ya megapikseli 24 inatosha kabisa. Chagua karatasi isiyong'aa, na kwa kuwa hakuna wino unaochapwa mahali penye weupe kamili, kagua kingo za picha: chumvi iliyoungua, yaani iliyogeuka weupe mtupu, itaungana na pambizo la karatasi na picha itaonekana imemeguka. Mstari mwembamba wa kijivu kuzunguka picha huondoa tatizo hilo. Projekta ndiyo chaguo la mwisho, kwa sababu humeza tofauti za weupe. Ukilazimika kuitumia, ijaribu mapema katika chumba kile kile na utoe nakala maalumu iliyopunguzwa mwangaza kidogo.

Maelezo ya picha, mahali na watu

Kila picha iwe na mstari mmoja au miwili: mahali kwa ujumla, mwezi na mwaka, saa, na hali ya hewa kama ina maana. Taja lenzi na mwendo wa shata pale tu zinaposaidia kueleza picha. Kama umeunganisha fremu kadhaa za usiku, umeondoa alama za magurudumu au umebadilisha anga, sema. Kati ya wapigapicha huo si ungamo la aibu, ni sehemu ya taarifa wanayoihitaji ili wakushauri ipasavyo, na wakija kugundua wenyewe mjadala wote utahamia huko.

Mahali penyewe pataje kwa kiasi tu. "Karibu na Kalacha" inatosha. Visima na chemchemi za jangwani vina wenyewe na vina taratibu za matumizi, na si kazi ya mgeni kuvitangaza kwa vipimo vya satelaiti. Vivyo hivyo kwa makaburi ya mawe na kwa maeneo yenye visukuku, hasa ukiwa umeendelea hadi Sibiloi na Koobi Fora, kwenye ufuko wa mashariki wa Ziwa Turkana. Hata uwanda mtupu hupata madhara, kwa kuwa alama za magari kwenye udongo ule hukaa hadi mafuriko yajayo yazifute. Simu na baadhi ya kamera huandika mahali ndani ya faili bila kukuuliza. Wakati wa kutoa nakala, ondoa taarifa za mahali lakini ubakize jina lako na haki zako katika IPTC, ile sehemu ya faili inayobeba maelezo ya mwenye picha.

Kama mtu anatambulika katika picha, hakikisha alikubali, na alikubali matumizi haya unayoyafanya. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 inahusu taarifa yoyote inayomtambulisha mtu, na sura yake ni mojawapo. Mchungaji aliyekubali kupigwa picha akinywesha ngamia huenda hakufikiri kwamba ingezungushwa kwa watu asiowajua, kwa hiyo mweleze mapema, ukiwa na mkalimani ikihitajika, na umpelekee nakala iliyochapwa kupitia kwa mtu wa huko. Picha za droni nazo zina masharti: kanuni za 2020 zinataka chombo kisajiliwe na kupata kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya, na mwenzako atakayetaka kuiga pembe yako ya juu anastahili kulijua hilo katika maelezo ya picha.

Hakimiliki ya picha nchini Kenya hudumu miaka 50, na kumpa mtu faili aitazame hakumhamishii haki hiyo. Andika kwenye ukurasa wa kwanza kwamba picha zimetolewa kwa ajili ya maoni tu na zisisambazwe. Kuchapa jina lako kwa herufi kubwa katikati ya anga sikushauri, maana utupu wa anga hilo ndio unaowaomba waupime.

Kupokea maoni

Tuma jalada pamoja na swali lako na tarehe ya mwisho ya kujibu, siku saba au kumi. Usieleze ulivyoteseka njiani wala ulivyosubiri mwanga. Mtu akijua kwamba gari lilikwama usiku kucha kwa ajili ya picha ya nane, hataweza kukuambia uiondoe. Mbali na swali kuu, waombe jambo moja jepesi: kila mmoja ataje picha mbili za kuondoa na sababu. Watu wenye heshima huona tabu kukosoa kazi ya rafiki, hasa mkubwa wao kiumri au kiujuzi, lakini wakiombwa idadi maalumu hupata ruhusa ya kusema.

Mkikutana, waache wapitie mzunguko mzima kimya kabla mtu yeyote hajazungumza, na wewe uandike tu. Zingatia mahali wanapopunguza mwendo na wanapofunua haraka, kwa kuwa macho yao yatakuambia mambo ambayo midomo yao inayasitiri. Ukianza kujibu kila hoja, hoja zitakwisha. Baadaye yapange maoni katika mafungu mawili, yanayohusu picha moja moja na yanayohusu jalada zima. Watu watatu wakitaja picha ile ile, itoe hata kama unaipenda. Mmoja tu akiitaja na sababu yake ikahusu ladha, iache ilale kwa wiki kadhaa kisha uitazame tena kwenye chapa. Maoni kwamba jalada "linarudia" yapewe uzito kuliko yote, kwa sababu ndilo kosa ambalo jangwa hili humletea kila mtu.

Toleo la pili litume kwa watu wale wale, likiwa na orodha fupi ya picha zilizotoka, zilizoingia na zilizohamishwa, ili wasilazimike kukumbuka la kwanza lilikuwaje. Lakini mbakize mtu mmoja ambaye hukumwonyesha toleo la kwanza, na umpe hili la pili bila maelezo yoyote zaidi ya swali. Wale wa mwanzo wamekwisha kuizoea Chalbi yako, na ni yeye peke yake anayeweza kukuambia kama picha tatu za mwanzo zinamfikisha huko.